Pima maji juu ya darubini ya bunduki: nimeitumia msimu mzima Liwale

Naongoza wageni wa uwindaji kwenye vitalu vya pori la akiba la Selous, kusini mwa Tanzania, upande wa Liwale. Kwa miaka mingi nikiona bunduki ya mgeni imefungwa kile kipima maji kidogo juu ya darubini, chenye kiputo cha kuonyesha kama bunduki imelala upande, nacheka kimoyomoyo. Nyati tunampiga mita 60, wakati mwingine 40. Kiputo utakiangalia saa ngapi?

Mwaka jana mgeni mmoja akataka tushindane kulenga karatasi mita 400, ng'ambo ya korongo lililo nyuma ya kambi. Bunduki yangu ni ya risasi saizi ya .30-06, zenye uzito wa greni 180 (kama gramu 12), na mita 100 huweka matundu matatu unayoweza kuyafunika kwa kizibo cha soda. Nilipiga tano. Zote kulia. Nikalaumu upepo, na siku hiyo hata jani halikutikisika. Kijana wangu wa kufuata nyayo, ambaye nje ya msimu ni fundi mwashi Nachingwea, alikuwa amechuchumaa nyuma yangu. "Mjomba, bunduki imelala," akasema. Nikamwambia mambo ya ukuta ayaache kwenye ukuta.

Kumbe aliona sawasawa. Pale pote ni mteremko, na jicho linauchukua mteremko kama ndio usawa wa ardhi. Unaulaza mtutu kufuata kilima na mwenyewe hujui. Risasi huanza kuanguka mara tu inapotoka, ndiyo maana mtutu huwa umeinuliwa kidogo kuliko mstari wa jicho. Ukiilaza bunduki kulia, ule mwinuko nao unaenda kulia. Mita 100 risasi imeanguka kama sentimita 8 tu, kwa hiyo ukilaza nyuzi 5 kosa halifiki hata sentimita 1. Mita 400 imeshaanguka kama mita 1 na nusu. Nyuzi zilezile 5 zinakutupa sentimita 13 pembeni.

Basi nikanunua. Cha kwanza nilikiagiza mtandaoni, kikaja na basi kutoka Dar. Pete yake ilikuwa ya milimita 30 na darubini yangu ni ya 25.4, ingawa nilikuwa nimemwandikia muuzaji vipimo. Nikajazia kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Bunduki ilipopiga teke la tatu, kitu kikazunguka kama saa. Halafu yule kijana akakiweka juu ya kioo, akasoma, akakigeuza kichwa mkia, akasoma tena. Kiputo hakikurudi palepale. Hata kingekaa imara, kingekuwa kinanidanganya.

Cha pili kilikuwa cha saizi yangu, shilingi 60,000, na kikapita mtihani wa kioo. Ila usikifunge tu ukaanza kupiga. Tulining'iniza timazi kwenye mwembe, uzi mweupe na jiwe, mimi nikakaa mita 50 na bunduki juu ya mifuko ya mchanga. Kwanza mstari wa wima wa darubini ulale juu ya uzi, ndipo kiputo kiwekwe katikati na skrubu zikazwe. Kazi hii ilitula nusu saa, kwa sababu kila skrubu ukiikaza, kipima nacho kinasogea unywele. Ukiiruka hatua hii, umefunga pambo.

Tukarudi korongoni. Risasi tano nikijiamini, kijana akikiangalia kiputo kwa niaba yangu bila kusema neno: kulia tena, na chini kidogo. Tano nyingine nikakiangalia mwenyewe kabla ya kugusa kifyatulio: nne zimezunguka katikati, moja nimeivuta mwenyewe, ile siipi kipima.

Malalamiko ninayo. Nilikifunga mbele mno, na kwa umri wangu kitu cha karibu kinaanza kuwa ukungu. Nilipokirudisha nyuma nikaanza kukisoma kwa jicho la kushoto bila kuinua shavu kwenye kitako. Jua la Oktoba likiwaka, maji ndani yanatanuka na kiputo kinanywea hadi unakitafuta. Jioni hakionekani kabisa. Na kichakani kinanasa kila kamba ya mmea, kwa hiyo tukifuata nyati nakifungua, nakitia mfukoni, na nikikirudisha lazima tuanze upya na mwembe wetu.

Mnyama simpigi mita 400, kipima kiwepo kisiwepo. Kama kulenga kwako kunaishia mita 200, pesa hiyo nunulia risasi. Mimi nakitumia kwa karatasi, na kwa wageni wanaotaka mashindano.

Kile cha kwanza kijana amekibandika kwenye dashibodi ya Land Cruiser. Hata tukiegesha katikati ya uwanja wa mpira, kinasema tumelala.