Raspberry Pi 400: kompyuta iliyonitoa kwenye redio mbovu hadi uhandisi wa programu

Ujana wangu ulipita nikifungua redio mbovu za majirani, na ndiyo maana Raspberry Pi 400, iliyoingia sokoni Novemba 2020 kwa dola 70, ilinifaa kuliko kompyuta nyingine yoyote. Kompyuta nzima imo ndani ya kibodi, ina kumbukumbu ya gigabaiti 4, na nyuma yake zimepangwa pini 40 za kuunganishia saketi. Nilichomeka nyaya mbili, rezista (kipande kinachopunguza mkondo wa umeme) na kitaa chekundu, nikaandika mistari michache ya Python, lugha ya kuandikia programu, kwenye Thonny, programu ya kuandikia Python inayokuja na mfumo wake. Kitaa kilipoanza kuwaka na kuzima kwa amri yangu, nikaelewa papo hapo jinsi programu inavyorudia kazi. Leo naishi kwa kuunda programu, na mazoea ya kusoma ujumbe wa kosa hadi neno la mwisho niliyapata hapo, bila mwalimu. Kompyuta hii haina skrini wala tundu la spika za masikioni, hivyo mnunuzi atenge fedha za waya wa micro HDMI wa kuiunganisha na televisheni. Kijana anayependa kushika bisibisi anunuliwe hii kwanza.