Tangi la samaki wa baharini la lita 980, Malindi: uzoefu wangu wa miezi 16

Nina nyumba ndogo ya wageni hapa Malindi, vyumba sita, upande wa Casuarina. Wageni wangu huja kwa ajili ya bahari. Shida ni kwamba kusi likishika, kuanzia Aprili hivi, boti zenye sakafu ya kioo hulala nanga siku baada ya siku. Aliyelipia siku tano anaishia barazani akihesabu matone ya mvua. Ndipo nikapata wazo la kumletea samaki sebuleni.

Nilinunua kile ambacho muuzaji alikiita paketi kamili: tangi la kioo la mita mbili kwa sentimita 70 kwa 70, tangi la chini la vichujio, pampu, skima (chombo kinachotoa uchafu majini kwa povu), taa, hita mbili, vipimo, kiunzi cha chuma, pamoja na orodha ya samaki wa kuanzia. Bei yake shilingi 485,000, kufungiwa nyumbani na ziara tatu za fundi zikiwamo. Jina la duka silitaji. Sitaki kesi, na wala si wabaya wote. Nilipouliza kama vitu hivyo vimepangwa kulingana na joto la kwetu, nilijibiwa, "Mama, paketi hii inauzwa hivi hivi dunia nzima." Ningekuwa na akili ningeondoka hapo hapo.

Nianze na kizuri. Kioo ni cha milimita 15, kingo zimesagwa, kuna mikanda ya kioo juu kuzuia ukuta wa mbele usivimbe, na silikoni yake imepigwa kwa mkono usiotetemeka. Ni silikoni ya matangi hasa, si ile ya madirisha ya bafuni iliyotiwa dawa ya kuua ukungu, maana ile huua samaki pia. Miezi 16, hakuna tone lililovuja. Kwenye kioo nawapa alama zote.

Kiunzi cha chuma nilikikataa kabla hakijashuka kwenye gari. Mtu yeyote wa pwani anajua geti lake lilivyo baada ya miaka miwili, na hilo halimwagikiwi na maji ya chumvi kila Ijumaa. Piga hesabu: maji karibu tani moja, kioo chenyewe kilo 190 na ushei, mawe kilo 90. Nilimwita mwashi akajenga meza ya matofali na saruji chini, ghorofa ya ardhini, tukaweka shiti la sponji ngumu chini ya kioo. Fundi wa duka alinuna kidogo. Tulipotia maji tukaona upande mmoja umelala milimita nne, tukayatoa tena mwashi apige lipu upya. Usipuuze milimita nne. Kioo hakipindi sana, hupasuka.

Sasa maji. Hapa ndipo kila mtu Malindi ana ushauri. Jirani aliniambia, kwa nini uteseke, nenda Gongoni ukanunue gunia la chumvi ukoroge. Chumvi ya Gongoni ni ya bahari kweli, lakini ni chumvi ya mboga. Maji yanapokaushwa kwenye vile viwanja, chokaa hutangulia kutulia, kisha chumvi hujigandisha, na yale maji machungu yanayobaki, yenye magnesi na potasi, humwagwa. Unachopata gunia zima ni kitu kimoja, na samaki wa baharini anahitaji vyote. Kuna chumvi maalumu ya matangi inayotoka nje, takriban gramu 35 kwa lita, lakini kwa tangi hili unahitaji kama kilo 34 kwa kujaza mara moja tu. Bei yake nilipoiona niliifunga simu.

Nikachukua maji ya bahari yenyewe. Kwa msimu wa kaskazi inawezekana kabisa. Niliagiza mitungi 52 ya lita 20 kutoka kwa vijana wa Mayungu, yatekwe bamvua, maji yakiwa yamejaa na yanatoka nje ya mwamba. Yalikuja meupe kama ya chupa. Niliyachuja kwa kitambaa, nikayaweka gizani wiki nzima kwenye tangi la plastiki huku pampu ikiyazungusha, ndipo nikayatumia. Msimu wa mvua usijaribu. Mto Sabaki ukishuka na udongo wa bara, ghuba yetu hugeuka rangi ya kahawia, na tope lile hulitoi tena kwenye mchanga wa tangi ukishaliingiza. Duka halikunitajia Sabaki hata mara moja. Sasa huwa naweka akiba ya lita 1,000 kabla ya Aprili, imefunikwa.

Mawe pia. Orodha ya paketi ilitaka "mawe hai" yaliyotolewa baharini. Hapa kwetu, Hifadhi ya Bahari ya Malindi ipo tangu mwaka 1968, na humo haitoki hata simbi, sembuse jiwe. Nilikwenda machimboni nikachagua vipande vya mawe ya matumbawe ya kale, yale yale tunayojengea nyumba, yenye matundu mengi. Niliyasugua, nikayaloweka wiki mbili kwa maji yasiyo na chumvi, nikayapanga mapango mawili. Hayana uhai mwanzoni, lakini bakteria wanaokula uchafu wa samaki hawabagui nyumba. Nilitupia kamba wawili wabichi waoze humo wawe chakula cha bakteria hao, nikawa napima sumu zinazotokana na uozo. Amonia ikapanda, ikashuka, nitriti ikapanda baada yake, ikakaa juu muda mrefu hadi nikakata tamaa. Wiki saba vyote viwili vikawa sifuri. Wageni wa Krismasi waliangalia mawe na maji. Mmoja aliniuliza kwa heshima kama samaki wamejificha.

Vipimo vya matone vilivyokuja na paketi ni vizuri, isipokuwa cha chumvi. Kile cha plastiki chenye sindano, kinachopima uzito wa maji ukilinganisha na maji matupu, kilinionyesha 1.021, na refraktomita (kifaa kinachopima chumvi kwa mwanga) niliyoazima ikaonyesha 1.026. Kama ningekiamini ningeongeza chumvi kwenye maji ya bahari yaliyo sawa. Nunua refraktomita, basi.

Tuje kwenye joto, maana ndilo lililonitoa jasho na pesa. Paketi ilikuja na hita mbili za wati 300. Hita! Malindi! Mwezi wa Machi, mchana, maji ya tangi yalifika nyuzi 31 bila msaada wa mtu, kwa joto la pampu, taa na sebule yenyewe. Bahari nayo hupata joto, lakini bahari ina mawimbi na kina, na maji ya moto hubeba hewa kidogo. Samaki walikuwa wamekusanyika juu karibu na mdomo wa bomba. Nilipompigia fundi alisema nizime taa.

Nilianza na feni ndogo nne zinazopuliza juu ya maji. Zilinishushia hadi 28 au 29, siku za unyevu mwingi hata kidogo zaidi ya hapo hazikuweza, maana hewa yetu yenyewe imeshiba maji. Na zilikuwa zinanywa lita 12 hadi 15 kwa siku. Kinachopotea ni maji tu, chumvi inabaki, kwa hiyo unajazia maji baridi yasiyo na chumvi. Kisima changu kina chumvi kama visima vingi vya hapa, ikabidi ninunue mashine ya kuchuja maji ya mfereji. Mwishowe nikanunua chila, yaani mashine ya kupoza maji, ya wati 450 kwa shilingi 95,000. Nimeiweka nje ukutani chini ya kivuli, bomba zikapita dirishani, kwa sababu ukiiweka sebuleni joto inalolitoa majini inakurudishia chumbani. Sasa nakaa 26. Miezi ya joto hufanya kazi karibu nusu siku, yaani yuniti tano na zaidi za stima kila siku. Hiyo ndiyo gharama ambayo mtu anayeuza tangi Malindi anapaswa kuitaja kabla ya bei ya kioo.

Stima yenyewe ina tabia zake za kukatika. Betri ya 200Ah na inveta ndogo huendesha pampu ya kurudisha maji, wati 60, usiku mzima. Chila na taa ziache zilale. Samaki watavumilia joto la saa chache, hawavumilii maji yaliyosimama.

Skima waliyonipa imeandikwa lita 1,000. Ni kweli kama umefuga samaki wawili. Kwa samaki wanaolishwa mara mbili kwa siku ilizidiwa, nitrati (mabaki ya uchafu wa samaki) ikawa inapanda kila wiki. Nimeibadilisha na ya lita 2,000, na sasa asubuhi kikombe chake kinatoa maji ya rangi ya chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Harufu usiniulize.

Orodha ya samaki ndiyo iliyonionyesha kwamba aliyeiandika hajawahi kula samaki wa huku. Kulikuwa na kitatange mchanga, yule wa buluu iliyoiva mwenye miviringo myeupe, puju wawili, kikande, na chewa mdogo "mtulivu". Nilimsomea mzee mmoja wa Shela, nahodha mstaafu anayeniletea kitoweo asubuhi. Alicheka hadi akashika nguzo.

"Mwanangu, puju sisi tunampima kwa kilo. Wewe unamtaka wa kumtazama?"

"Wamesema atakaa, mzee."

"Atakaa. Wewe ndiye utakayehama. Na huyo chewa, hao wengine ndio mchele wake."

Alikuwa sahihi kwa kila mmoja. Puju wengine hupita nusu mita, kitatange yule hufika sentimita 40 na miviringo yote hupotea akavaa mistari ya manjano, kikande hung'ata kamba hai na hata nyaya. Niliifuta orodha yote nikaanza upya na wadogo. Samaki wawili wa anemoni, wale wa rangi ya chungwa wenye mstari mweupe mmoja mgongoni, ambao ni wa bahari yetu hasa. Kamba wawili wasafishaji. Kikundi cha vijisamaki vya matumbawe. Wapole mwanzo, wagomvi mwisho, kwa sababu anayetangulia hujiona mwenye nyumba. Nilinunua kwa mvuvi wa samaki wa mapambo mwenye leseni, na karatasi niliiomba niione.

Kosa kubwa lilikuwa langu na lao kwa pamoja. Nilitaka samaki mmoja wa kung'aa, nikaagiza dukani kangaja wa buluu, uso mweusi, kidevu cheupe, pezi la mgongo manjano. Walimleta mchana, wakaniambia amekwisha kukaa karantini. Sikudai ushahidi, nikamtia moja kwa moja. Siku ya sita alikuwa kama amenyunyiziwa chumvi. Ni ugonjwa wa madoa meupe, na kangaja wa aina hii huupata kabla ya wengine wote. Ndani ya wiki mbili nilimpoteza yeye na wadogo wanne.

Kijana wa duka alikuja na chupa ya dawa ya shaba, akiwa tayari ameifungua, aimimine tangini. Nilimshika mkono. Shaba huua kamba na konokono, na mawe ya chokaa huinywa usijue itatoka lini. Waliosalia niliwahamishia kwenye tangi la plastiki lisilo na mawe, nikawatibu humo kwa shaba ile ile, nikipima kila siku. Tangi kubwa nililiacha bila samaki siku 76, ili vimelea vikose mwenyeji. Siku 76 za kulisha kamba wawili kwenye lita 980, na wageni wakinionea huruma. Dukani walisema dhamana ya samaki ni saa 24. Hakuna fidia niliyopata.

Tangu hapo kila anayeingia hukaa wiki sita kwenye lile la plastiki kwanza. Kangaja nilimpata mwingine, wa kahawia, si mrembo kivile. Anakula mwani kutwa na mawe yamekuwa masafi.

Kwa hiyo, kioo na ufundi wa silikoni: chukua. Taa: zinatosha, sina la kusema. Pampu ya kurudisha maji: nzuri na kimya. Skima, kiunzi, kipimo cha chumvi, orodha ya samaki: nunua kwingine, au usinunue kabisa. Ukijumlisha chila, skima mpya, mashine ya maji na betri, nimetumia karibu nusu ya bei ya paketi kurekebisha paketi. Ningeanza leo ningeagiza kioo peke yake, na pesa ya kwanza baada ya hapo ingekwenda kwenye chila.

Hita zote mbili bado zimo kwenye boksi, hazijaguswa na maji. Mwenye tangi kule Limuru kwenye baridi namwuzia kwa nusu bei.