Wakulima wawezeshaji wa Singida Vijijini: sahani imebadilika, kimo bado

Huduma ninayoitathmini hapa haiuzwi dukani. Ni Mradi wa Lishe na Kilimo Ikolojia wa Singida, ulioanza mwaka 2016 kwa ushirikiano wa vijiji 20 vya Singida Vijijini, Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iliyopo Arusha, na Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani. Mbinu yake ilichota uzoefu wa kazi iliyoanza Ekwendeni, kaskazini mwa Malawi, mwaka 2000.

Kinachonivutia zaidi ni nani anayefundisha. Kila kijiji kilichoanza kupata huduma kilikuwa na wawezeshaji wawili, mwanamke na mwanamume, wote wakulima wa hapohapo, ambao walijifunza kuchanganya jamii ya mikunde na nafaka, kurutubisha udongo bila kutegemea mbolea ya dukani, na kumlisha mtoto mchanga, kisha wakazitembelea kaya za wenzao ili kujadiliana nao. Ziara hizo za nyumbani ndizo naziona kuwa kiini cha huduma nzima, kwa sababu mama anaweza kujua vizuri kwamba mtoto anahitaji kunde na mboga zaidi ya uji mtupu, lakini ikiwa baba ndiye anayeamua shamba lilimwe alizeti yote ya kuuza, na kuni na maji vimemsubiri mama peke yake, ujuzi huo hauna pa kutumika. Hapa suala la nani analima, nani anapika na nani anabeba mtoto lilizungumzwa wazi, mume akiwepo, na hilo nalipongeza kwa dhati.

Matokeo yalipimwa katika kaya 591 zilizokuwa na mtoto wa chini ya mwaka mmoja mradi ulipoanza. Baada ya mavuno, aina za vyakula anazokula mtoto ziliongezeka kwa wastani wa 0.57 kati ya makundi 7, na kiwango cha watoto waliofikia angalau makundi manne kilipanda kwa pointi za asilimia 9.9. Uhakika wa chakula wa kaya uliongezeka, na dalili za sonona kwa wanawake zilipungua. Urefu na uzito wa watoto haukutofautiana na wa watoto wa vijiji ambavyo vilikuwa bado havijaanza kupata huduma.

Sioni sababu ya kuficha hilo la mwisho, na watafiti wenyewe hawakulificha. Singida ina msimu mmoja wa mvua; mzazi anayemwongezea mtoto kunde na mlenda mwezi Juni bado anakabiliwa na ghala tupu mwezi Januari, na chakula bora hakimkingi mtoto dhidi ya kuhara kunakotokana na maji machafu. Kwa hiyo, kasoro ninayoiona katika huduma hii ni kwamba inaishia shambani na jikoni, ilhali kisima na choo vilistahili kuwa sehemu yake tangu mwanzo.

Hata hivyo, ninaipendekeza kwa halmashauri zenye ukame kama Singida na Dodoma, kwa masharti mawili: wawezeshaji wachaguliwe na wanakijiji wenyewe, na ziara za nyumbani ziendelee kwa misimu kadhaa. Semina ya siku mbili ukumbini haiwezi kuchukua nafasi ya ziara hizo.