Ukumbi wa uani Area D, tulifanyia uchaguzi wa tawi letu, nyota 4

Jumapili tulikodi kaukumbi ka uani kwenye mgahawa mmoja huku Area D, sisi wa hotelini, wa jikoni, vyumbani na mapokezi. Shughuli ilikuwa kuchagua viongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi na kujaza TUF 6, ile fomu ya kujiunga na kukatwa ada ya chama, kwa waliokuwa bado. Elfu 70 kutwa na viti juu, kwa Dodoma ya sasa hivi hapo sina neno.

Kilichonikosha ni faragha. Geti la uani linafungwa, hakuna supavaiza wa kupita "kunywa soda" kumbe anahesabu vichwa. Najua sheria ya ajira ya 2004 inakataza mtu kuadhibiwa kisa kajiunga na chama, ila ukiwa na mkataba wa miezi mitatu hiyo sheria unaiona kwa mbali sana. Wengine walikuja wakidhani tunapiga kura ya kukitaka chama au kukikataa kama wanavyofanya Marekani, afisa wa chama akasema hapana jamani, kwetu ni fomu, ukisaini umeruhusu mwajiri akukate ada kwenye mshahara, na mkishazidi nusu ya wafanyakazi chama kinamwandikia mwajiri kimtake akitambue, ana siku 30 za kukaa mezani, akileta ngumu mnaenda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kura yetu ni ya wawakilishi tu, na tuko wanachama 34, kwa idadi hiyo sheria inatupa wawakilishi 10.

Sanduku la kura hatukuwa nalo, yani tulisahau kabisa, dada wa jikoni akatuletea katoni ya maji na kisu tukatoboa tundu. Umeme ukakatika katikati ya kuhesabu na jenereta hawana, tukamalizia na tochi za simu mawakala wamekodoa macho.

Wali kuku elfu 5, kuku wa kienyeji kweli. Juisi ya zabibu ndo imewanyima nyota ya tano, maji matupu, na hapa ni Dodoma jamani!

Wakati nalipa, mhudumu aliyekuwa anatuletea soda muda wote akaniuliza kwa sauti ya chini hizo fomu zinapatikana wapi, bosi wake yuko kaunta pale pale. Nikamkunjia tatu ndani ya risiti.