EarTrumpet kwenye laptopu ya kanisa: uzoefu wangu

Mimi ni fundi mitambo wa kujitolea kanisani kwetu, Mwanza. Laptopu yetu moja inabeba kila kitu: maneno ya nyimbo yanaenda kwenye projekta kwa waya wa HDMI, muziki wa kwaya unapita kwenye kadi ya sauti ya USB hadi kwenye miksa, na mimi nina hedifoni za kusikilizia wimbo unaofuata. Ukijumlisha na spika za laptopu yenyewe, sauti ina milango minne ya kutokea.

Mwaka jana tulikuwa na ibada ya mazishi. Jeneza liko mbele, mchungaji ametuomba tukae kimya dakika moja. Katikati ya ukimya ule, simu ikaingia kwenye programu ya meseji niliyokuwa nimeiacha wazi, na mlio wake ukatoka kwenye spika zote za kanisa. Niliuzima upesi, lakini mama wa marehemu alikuwa ameshageuka. Baada ya maziko nilimfuata nikamwomba radhi, akanishika mkono tu. Usiku ule sikulala kabla sijapata dawa.

Dawa yenyewe ni EarTrumpet, programu ya Windows ya Rafael Rivera na wenzake. Ni ya bure, unaipakua Microsoft Store. Inakaa pale chini kulia karibu na saa. Ukiibofya unaona kila kifaa cha sauti, na chini yake programu zinazokitumia, kila moja na kiwango chake na mstari unaochezacheza sauti inapotoka. Bofya kulia kwenye programu, chagua kifaa kingine, imehama. Ukitaka kupunguza sauti haraka, weka kishale juu ya alama yake na uzungushe gurudumu la mausi.

Lakini kilichoniokoa hasa ni mpangilio. Zamani kifaa kikuu cha kompyuta kilikuwa ile kadi ya USB, kwa hiyo kila mlio mpya ulikimbilia kanisani. Sasa nimegeuza: kifaa kikuu ni spika za laptopu, nazo nimezishusha sana. Programu ya kupigia nyimbo peke yake ndiyo nimeielekeza kwenye USB. Kitu chochote kikilia bila ruhusa, kinalia hapa mezani kwangu. Na waya wa USB ukichomoka, wimbo unarudi kwenye laptopu, hauendi kusikojulikana. Fundi mwenzangu, hata usipopakua chochote, fanya hili. Windows 10 tangu toleo la Aprili 2018 inakuruhusu kuchagulia kila programu kifaa chake ndani ya mipangilio ya sauti, na Windows 11 pia. Tofauti ni kwamba huko unafungua kurasa kadhaa, na ibada haikusubiri.

Mapungufu yapo. Programu ambayo bado haijatoa sauti huenda usiione kwenye orodha, kwa hiyo kabla ya ibada napiga kila kitu sekunde mbili, miksa ikiwa imefungwa. Kivinjari kinahama kizima kizima, huwezi kupeleka ukurasa mmoja kanisani na mwingine kwenye hedifoni. Mimi natumia viwili: Firefox kwa video za ibada, Chrome kwa mambo yangu. VLC, programu ya kuchezea video na muziki, nayo ina menyu yake ya kuchagua kifaa, na ukishachagua humo, endelea kutumia menyu hiyo hiyo.

Hedifoni za bluetooth ni habari nyingine. Programu ikifungua maikrofoni ya hedifoni hizo, mara nyingi sauti inageuka nyembamba kama ya simu, kwa sababu bluetooth imehamia kwenye njia ya mazungumzo. EarTrumpet haiwezi kutibu hilo. Nimerudi kwenye hedifoni za waya, na kwa kusikiliza kama kwaya iko kwenye ufunguo mmoja na muziki, sijaona za kuzishinda.