Fundi wa mashine za boti kule Matema, nampa nyota nne

Kama una boti Ziwa Nyasa upande wa Kyela na mashine yako ni ya zamani, ile ya kuvuta kamba mpaka bega linauma na abiria wanaanza kukuangalia vibaya, mpelekee huyu mzee. Nampa nne kati ya tano, hiyo moja nimemnyima kwa sababu zake nitazisema. Yuko Matema pale pale karibu na zinapopaki boti za usipa (dagaa wa huku), hana bango wala nini, ukiuliza fundi wa mashine kila mtu anakuonyesha kwa kidole.

Mashine yangu ni Yamaha Enduro 15, ya kuchanganya petroli na oili, silinda mbili, imeshapita mikono ya watu kabla ya kufika kwangu. Ikishawaka inaenda freshi tu, ishu ni kuwaka. Asubuhi unavuta, unavuta, inapiga chafya kwenye kabureta (pale petroli inapochanganyika na hewa) inanyamaza, ikiwaka ni mpaka choki, ile ya kubana hewa, iwe imevutwa na ukirudisha choki tu inazima. Nilianza kwa kuipeleka karakana moja Mbeya mjini, jina nalihifadhi, wakaifunga kwenye pipa la maji, wakachezea skrubu za kabureta mpaka ikatulia sailensa, yani ule mngurumo wa chini bila kuongeza mafuta, wakasema ila koili na CDI, vile vya kutengeneza cheche ya plagi, zimechoka nijiandae kununua, bei waliyonitajia unanunua mbuzi wawili na chenji inabaki. Nikashuka nayo ziwani bila kununua, na kule ikawa mbaya kuliko mwanzo.

Sasa huyu mzee kitu cha kwanza hakushika spana. Aliuliza, "Inagoma ikiwa ya baridi au ikiwa imeshapata moto?" Nikamwambia ya baridi mzee. Akasema basi koili tuiache kwanza, koili ikichoka mara nyingi inasumbua mashine ikishachemka, unazima kidogo ukapakie watu ukirudi haiwaki, ya baridi kugoma anaanza kwenye mafuta na hewa. Hilo swali moja tu limeniokolea hela, mjini hakuna aliyeniuliza.

Afu akaenda kwa mpangilio, na hapa ndo nilimpendea. Kaangalia ile klipu yenye kamba nyekundu ya kuzimia (anasema watu wanamletea mashine kwa pikipiki toka mbali, kumbe klipu haijakaa vizuri), akafungua kitundu cha hewa kwenye mfuniko wa tenki, akaangalia mshale kwenye ule mpira wa kubinya, wa kusukuma mafuta toka kwenye tenki, kama unaelekea mashine, akabinya. Mpira wa kubinya unatakiwa ukibinya mara kadhaa ugome, uwe mgumu. Wangu ukawa laini muda wote, yani unavuta hewa mahali. Akachomoa konekta ya mpira wa mafuta, oringi ya ndani (kipete cha mpira) ilikuwa imekauka imepasuka, kaoringi kadogo hako, akatoa nyingine kwenye kopo lake la maziwa ya unga, akapaka oili kidogo, akarudishia. Binya tena, mgumu kama jiwe. Hiyo ilikuwa shida ya kwanza na bei yake haifiki hata ya soda mbili.

Plagi akazitoa zote mbili, nyeusi na mbichi, yani kwa ile kuvuta choki kila mara ilikuwa inakunywa mafuta bila kuyachoma. Akaigusisha plagi kwenye bloku, mbali na tundu la silinda maana mvuke wa petroli ukikutana na cheche utajuta, akaniambia nivute kamba huku yeye amekinga na kofia ili aone vizuri. Cheche ya bluu, kali, silinda zote. "Mwanangu, koili yako ni nzima, usimtajirishe mtu." Akafunga na geji ya kompresheni, ya kupima silinda inavyobana hewa, zote mbili zikasoma zaidi ya 100 psi, tena zimekaribiana, na alisema yeye haangalii sana namba ni kubwa kiasi gani, anaangalia kama silinda moja imeachwa mbali na mwenzake. Wengi wanaruka hiki kipimo, wanakuuzia kabureta nzima kumbe ringi za pistoni zimekwisha.

Kabureta ndo lilikuwa tatizo lenyewe. Mashine ilikaa kipindi chote cha mvua na petroli ndani, ikaacha ule utando wa njano kama gundi, jeti ndogo ya sailensa, ile yenye kitundu cha kupitishia mafuta, ilikuwa imeziba karibu yote. Mjini waliingiza sindano ya kushonea kuizibua, niliona kwa macho. Huyu hapana, alichomoa uzi mmoja wa shaba kwenye waya wa umeme, mwembamba, akaupitisha taratibu, akapuliza, akainua jeti juani tutazame. Tundu dogo kabisa, mwanga unapita wa duara. Anasema chuma kinalikwangua tundu, likishapanuka jeti hiyo tupa, na shaba ni laini kidogo ndo maana anaitumia, tena kwa upole.

Afu kuna jambo mi sikuwa nimewahi kulisikia kwa fundi yeyote. Mbeya mjini uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ziwa liko kama mita 475. Juu kule hewa ni nyepesi, kwa hiyo fundi wa mjini akiiset ikatulia vizuri kwenye pipa ina maana amepunguza mafuta yaendane na hewa ile. Ukishuka nayo Tukuyu, Ipinda mpaka Matema, hewa ni nzito na mafuta ni yale yale kidogo, hapo asubuhi lazima ipige chafya tu. Alizungusha ile skrubu ya kabureta kidogo mafuta yaongezeke, ila baada ya mashine kupata moto na boti ikiwa majini kabisa, sio kwenye pipa. Ukiwa na boti ziwani, usiset mashine yako mjini, ni hela ya bure.

Matokeo: choki, vuta, vuta, imewaka, rudisha choki, imetulia, inakojoa maji ya kupoozea vizuri pembeni. Kesho yake asubuhi na ubaridi wa milima ya Livingstone ukiwa bado unashuka, hivyo hivyo. Ndaga fijo (asante sana) mzee.

Alinigombeza kidogo kuhusu oili, maana kijana anayeiendesha anaweka oili ya bajaji. Mzee anataka iliyoandikwa TC-W3, hiyo imetengenezwa kwa mashine za boti zinazopoozwa na maji, ya bajaji inaacha majivu kwenye plagi. Kipimo ni 50 kwa 1, yani lita 5 za petroli unaweka oili mililita 100, pima na kitu chenye alama na sio kukadiria na kizibo. Na plagi feki zimejaa, ukinunua NGK yenye -10 mwishoni mwanya wake unatakiwa uwe milimita 1.0, zangu mbili nilizonunua mjini moja ilikuwa hivi nyingine vile, kwenye boksi zinafanana kabisa.

Sasa ile nyota moja. Kwanza simu hapokei, na akipokea mtandao ndo huo. Pili mwenyewe ni mvuvi, usipa ukitokea anaondoka, mashine yako inabaki imefunguliwa juu ya meza chini ya mwembe mpaka arudi, skrubu kaziweka kwenye kisahani bila kufunika, mi roho ilikuwa juu kuku wakipita pale. Tatu spea hana, ukitakiwa diaframu ya pampu ya mafuta au impela ya pampu ya maji utaagiza mwenyewe Mbeya au Dar, usubiri. Risiti usahau. Bei ya ufundi alinitajia elfu 40 tukamalizana 35, na oringi hakunihesabia, kwa kazi ile naona ni haki na hata hiyo elfu 5 nisingebishana kama ningejua.

Nenda mapema kabla upepo wa mchana haujachafua ziwa, maana lazima aijaribu majini. Na usipeleke mashine tupu, beba tenki lako, mpira wake na petroli ile ile unayoitumia kila siku, ukiacha hivyo nyumbani atakufungia tenki lake, itawaka vizuri tu na utarudi na ugonjwa wako.