Askari wa udongo wa Kariakoo na karatasi yake ya maelezo

Sanamu hii ya askari wa Qin, nakala ya wale wa udongo waliozikwa karibu na kaburi la kaizari wa kwanza wa China, niliinunua kwa shilingi 40,000 katika duka la mapambo ya nyumbani Kariakoo. Kimo chake ni dhiraa moja, na muuzaji alinihakikishia: "Bosi, huyu mweke mlangoni, mwizi hasogei."

Ufinyanzi wake unaridhisha. Fundo la nywele limeegemea kulia, vipande vya deraya vinahesabika, na ngumi ina tundu la kupitisha mkuki, kwa kuwa askari wa asili walishika silaha halisi za shaba. Rangi ni kijivu kitupu, ingawa wale wa asili walipakwa nyekundu, kijani na hata zambarau, rangi zilizobanduka walipofukuliwa.

Kasoro kubwa imo katika karatasi ya maelezo, inayodai kwamba kaizari huyo, Qin Shi Huang, aliyefariki mwaka 210 KK, alitaka tu jeshi la kumlinda ahera. Dai hilo lina msingi, kwani mashimo ya askari yako kama kilomita 1.5 mashariki ya kaburi, na sehemu kubwa ya jeshi inatazama mashariki, zilikokuwa falme alizozishinda hadi mwaka 221 KK. Lakini karibu na kaburi hilohilo wamefukuliwa pia wanasarakasi, maofisa wa serikali na ndege wa shaba, na sioni ndege hao wangemkinga na adui gani. Kwangu mimi, aliyezikwa na vitu hivyo alikuwa akihamisha ikulu nzima.

Wapo wanaosema kwamba sanamu zilichukua nafasi ya watu, maana Mu, mtawala wa kale wa dola hiyohiyo ya Qin, alizikwa mwaka 621 KK pamoja na watu 177, na desturi hiyo ikapigwa marufuku mwaka 384 KK. Ningeikubali hoja hii moja kwa moja, kama mwanahistoria Sima Qian asingeandika kwamba masuria wa Qin Shi Huang wasio na watoto waliamriwa wafe naye. Tena kaizari Jing wa Han, nasaba iliyotawala baada ya Qin, aliyefariki mwaka 141 KK, alitosheka na sanamu za kimo cha kama sentimita 60. Ukubwa wa zile za Qin, zenye kimo cha mtu mzima, basi, ulidaiwa na majivuno zaidi kuliko imani.

Hayo yote hayamo katika karatasi. Hata hivyo, kitako cha sanamu kilikuwa kikiyumba, nami nimeikunja karatasi hiyo mara nne na kuitia chini yake. Sasa askari ametulia.